Jokofu la Mfalme

Wananchi wote, walio hai na wa kubuni, walitangaziwa asubuhi kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mtu wa hadithini atakayependa, kuoa, kusaliti wala kunyang'anya mke wa mwenzake bila kibali cha Idara ya Maadili ya Kufikirika. Mkurugenzi alilisoma tangazo mwenyewe redioni, kwa sauti ya mtu anayezuia mafuriko. Mabombani hakukuwa na tone la maji, lakini hiyo ni idara nyingine. Kifungu kikuu kilikuwa kifupi: kitakachotendwa mchezoni kitahesabiwa kimetendwa.

Mkaguzi alilisikiliza tangazo akiwa wima, mikono ubavuni. Aliiamini idara. Iliwahi kumhamishia kituo cha mbali kwa maslahi ya utumishi, akakague fikra za watu waliokuwa wakifikiria chakula tu, na hakunung'unika. Mkewe, karani wa masjala, alibaki makao makuu. Mkaguzi aliporudi alikuta nyumbani jokofu dogo jeupe, zawadi ya bahati nasibu ya wafanyakazi. Akashukuru.

Kazi ya kwanza ilikuwa chumba cha Mama Vifungo, fundi cherehani. Jioni, majirani walizunguka meza yake ya kukatia vitambaa, wakarusha dadu, wakawa wafalme, wachawi na askari wa kisa walichokitunga papo hapo, yeye akikiongoza. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, Mkaguzi nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Mama Vifungo.

"Marahaba. Ndiye wewe unayeozesha mashetani?"

"Naozesha na kuachanisha, mzee. Dadu ndiyo inaamua."

"Na leo?"

"Leo kuna mfalme anayemtamani mke wa askari wake."

Mkurugenzi akafumba macho kwa uchungu. "Uchafu huu mnautoa wapi?"

"Kazini, mzee," alijibu Nesi, mchezaji aliyetoka zamu. "Wodini nawafunga bandeji waliochezewa hivyo bila dadu. Hapa angalau naweza kusimamisha." Akaonyesha kikombe cha bati katikati ya meza. Kisa kikimchoma mtu, anakifunika kikombe, wanaruka mbele. Haulizwi kwa nini.

Mkaguzi akatoa nta na muhuri. "Mlango huu unatiwa lakiri."

"Na cherehani zangu zimo humu, mwanangu? Nitakula nini?"

"Kifungu hakisemi."

"Basi kagueni kwanza. Ila kwenye meza hii haketi mtu asiyecheza."

Mkurugenzi alichukua ufalme bila kuombwa mara mbili. Mkaguzi akapewa uaskari, kwa kuwa sare alikuwa nayo. Nesi akawa mke.

"Mfalme, unafanya nini?" aliuliza Mama Vifungo.

"Namhamisha askari. Mpakani."

"Nimekosa nini, mfalme?" Mkaguzi aliuliza, maana zamu yake ilikuwa imefika.

"Hujakosa. Ni kwa maslahi ya ufalme."

Maneno hayo Mkaguzi aliyajua. Alikuwa ameyabandika ukutani kwake, kwenye fremu, ndani ya barua yake ya uhamisho.

"Na mimi nikikataa?" aliuliza Nesi.

Mfalme akacheka, akajiegemeza. Mchezo ulikuwa umemkolea. "Wote husema hivyo mwanzoni. Nitakukumbusha tu kwamba mumeo anaweza kupelekwa mbali zaidi. Kisha nitakuletea jokofu."

"Mzee, ufalme huu hauna umeme," alisema Mama Vifungo.

"Basi kabati la baridi! Dogo, jeupe, mlango unafungukia kushoto. Mumeo akirudi mwambie ni bahati nasibu."

Dadu haikuwa imerushwa, lakini kila mtu aliitazama meza. Mkaguzi aliiweka nta mezani.

"Kishikio chake kilikuwa kimelegea," alisema taratibu. "Cha hilo kabati. Nilikikaza Jumapili."

Mkurugenzi akakishika kikombe akakifunika, kwa nguvu hata bati likabonyea.

"Sawa," alisema Mama Vifungo. "Hatuulizi."

"Mnaweza msiulize," alisema Mkaguzi. "Lakini kifungu, mheshimiwa. Kitakachotendwa mchezoni—"

"Ni mchezo tu, jamani!"

"Tumesema hivyo tangu asubuhi," alisema Nesi.

"Basi natangaza! Mchezo ni mchezo! Kifungu kimefutwa!"

"Asante, mzee," alisema Mama Vifungo. "Cherehani zimekusikia. Askari, uko mpakani. Unafanya nini?"

Mkaguzi aliikusanya nta yake, akainuka.

"Narudi nyumbani."

Nyumbani hakumuuliza mkewe kwa nini. Alisimama mbele ya jokofu akauliza kama ni zito. Mkewe alifuta macho kwa kiganja, akachomoa waya ukutani.

"Shika huko," alisema. "Mimi nashika huku. Nimechoka kulitazama."

Asubuhi, wafanyakazi wote wa idara walilikuta jokofu langoni mwa ofisi, mlango ukitazama barabara, lakiri nyekundu imepigwa juu yake na kikaratasi: *Limefungwa kwa maslahi ya utumishi*. Mkurugenzi aliamuru liondolewe. Hakuna aliyeligusa. Kugusa lakiri ya idara ni kosa la jinai, na sahihi iliyo chini ya sheria hiyo ni yake.