Mbegu ya Pakiti Imemvunjia Marehemu Heshima

Tarehe 9 Agosti

Kwa Ndugu Bwana Shamba,
Ofisi ya Kilimo, chumba chenye mlango usiofungika sawasawa.

Ndugu yangu,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi nipo, namshukuru Mungu, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nakuandikia kulalamikia mbegu ya mahindi uliyotuletea, ile ya pakiti, ambayo bei yake ni kuku wawili wanaotaga. Kosa lake ni kwamba imezaa.

Unakumbuka ilivyoanza. Marehemu mume wangu, aliyeitwa Mzee Debe kwa sababu mbegu yake aliitunza kwenye debe moja kwa miaka ishirini na sita, alisimama mkutanoni akasema kununua mbegu ya dukani ni kulipia picha iliyo juu ya karatasi. Mkashindana. Shamba letu la kona likagawanywa kwa kamba, nusu mbegu yako, nusu yake, mbolea ileile. Akafariki mahindi yakiwa usawa wa goti. Nikapalilia pande zote mbili, nikavuna, nawe ukaja na mizani: upande wake magunia sita, upande wako kumi na matatu. Sasa nasikia Jumamosi utasoma hesabu hiyo mbele ya wakulima wote. Siwezi kunyamaza.

1. Mbegu yako haina subira. Iliota yote siku moja kama wanafunzi waliosikia kengele. Ya marehemu ilikuwa ikiacha mapengo, nasi tulirudi wiki ya pili kurudishia, yeye na jembe, mimi na bakuli, tukizungumza habari za watoto. Upande wako hatukuwa na sababu ya kurudi.

2. Karatasi yako inaamuru punje moja kila shimo. Marehemu alitia tatu: ya ndege, ya mdudu, na ya kwetu. Ndege na mdudu hawakupewa hata barua ya kuachishwa kazi. Tena punje zenyewe zimepakwa dawa nyekundu. Vidole vyangu vilibaki vyekundu siku tatu, na wifi yangu akaniuliza najipaka rangi kwa ajili ya nani, kaka yake akiwa amekaa palepale.

3. Mahindi yako yote yana ukubwa mmoja. Marehemu alikuwa akitafuta hindi kubwa kuliko yote, akiniletea jikoni amelificha mgongoni, nami nilitakiwa kushangaa. Nimeshangaa kila mwaka tangu nilipoolewa. Upande wako ningetakiwa kushangaa mara elfu nne. Nani ana nguvu hizo?

4. Shemeji yangu, ambaye kila msimu alikuja na kopo kuomba mbegu ya debe, sasa anapita shambani na kusema, "Kumbe kaka alikuwa anatulisha ubishi." Mdomo huo hakuwa nao kaka yake akiwa hai.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Unamshinda mtu asiyeweza kujibu. Marehemu hakukosa jibu hata siku moja. Angesema mvua iliukwepa upande wake, au mizani yako imelalia upande. Mtu akiondoka uwanjani kabla ya kipenga, mchezo huahirishwa.

Kwa hiyo naomba hesabu isisomwe. Ikibidi isomwe, usitaje upande upi ni wa nani. Hilo likishindikana, waandikie wenye kampuni wapunguze uzazi wa mbegu yao hadi magunia saba, maana tofauti ya gunia moja mtu anaweza kuitolea maelezo. Na wao wakikataa, basi chukua pakiti yako uende makaburini, umsomee maagizo yote ya nyuma, pole pole, kisha umngoje akubishie. Akikaa kimya kutwa nzima, nitakubali kwamba ameshindwa, kwa kuwa jambo hilo halijawahi kutokea.

Nisalimie mkeo, karani wako, na yule dereva aliyebeba mizani bila kulalamika. Wa nyumbani wote wanakusalimu, isipokuwa shemeji, ambaye sijamwambia kama naandika.

Ni mimi, mwenye majonzi na malalamiko,
Mjane wa Mzee Debe.

Nyongeza: Nimeisoma barua hii tena, nikaona si vizuri kukuficha. Asubuhi ile kabla hujafika na mizani, nilitoa vikapu vinane kwenye lundo lako nikavimwaga kwenye lundo lake. Na bado alishindwa. Kwa hiyo Jumamosi wasomee tu, tena uwaongezee vikapu vyako vinane. Ila kabla ya kusoma, waambie kwamba mashimo ya pande zote mbili aliyachimba yeye, na upande wako hakuchimba hata shimo moja kwa hila. Mimi nitakaa mbele. Nahitaji pakiti tatu kwa msimu ujao. Mzigo ukifika, tafadhali unikumbuke.