Jeli ya Kabichi kwa Wageni wa Ohio

Jumatatu, 6 Oktoba

Sikukuu, sikwenda kazini. Tevin alikuja asubuhi. Tevin mwanangu, mtaalamu wa fiziotherapia, mwenye mlango wa ofisi ulioandikwa jina lake. Nimeupiga picha. Nani hapa Merrylands, mtaa wetu wa ughaibuni, hajaiona?

Habari ya kwanza: wazazi wa Abigail, mchumba wake, wametua kutoka Ohio, Marekani. Jumamosi watakula kwangu. Habari ya pili aliitoa akiangalia viatu vyake. Mama mkwe wake, Marsha, anataka harusi ifanyike kwao Ohio.

Ohio! Nani wa kanisani kwetu atapata viza ya Ohio? Mimi nimeshatangaza ukumbi wa Granville, hapa jirani, Januari. Kitambaa nimeshachagua!

Nikatulia. Nikapika chai. Mpango ukaja wenyewe. Marsha akila kwangu kama anakula kwa mama yake mzazi, Ohio itamtoka kichwani. Na chakula cha Wamarekani nani anakijua kunishinda? Nikiwa msichana nilipika misheni karibu na Kapsabet. Misi Lundgren alinifundisha kwa mkono wake. Alitoka Amerika zamani sana na sufuria zake, hakurudi tena hata kwa likizo. Kwa hiyo alichonipa ni kitu halisi, hakijachanganywa na chochote.

Tevin akasema, Mum, just ask them what they eat.

Kuuliza! Kuuliza ni kwa mtu asiyejua.

Jumanne, 7 Oktoba

Gelatini, unga wa kugandisha jeli, nimepata kwenye duka la Waafghani. Nimefanya majaribio. Jeli ya kijani ya ndimu, ndani yake kabichi na karoti zilizoparuzwa, samaki wa kopo, mayonezi juu. Imetoka kwenye bakuli ikiwa nzima, inatetemeka vizuri. Misi Lundgren angelia.

Clarisse akaingia kurudisha ungo wangu. Huyu ni jirani, mtu wa Uvira, Kongo. Sombe yake inasifiwa kanisani kama vile yeye ndiye aliyebuni majani ya muhogo. Akazunguka meza. Akainama.

"Mama Tevin, hii njo chakula ao ni sabuni?"

Nikamwambia ni saladi ya Wamarekani, yeye hawezi kuijua. Akasema kwao Uvira samaki anaingia kwenye sufuria, haingii kwenye dirisha. Akasema, mais, kwa Kifaransa chake, huyu samaki anatuangalia. Nikamjibu kwamba samaki wa kopo hana macho. Akaondoka anacheka hadi mlangoni kwake. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ushahidi! Pale ninapofanya kazi, kwenye nyumba ya wazee, leo kulikuwa na jeli. Wazungu wote walimaliza. Mzee mmoja alilamba kijiko, kisha akalamba cha jirani yake. Nani atanibishia?

Nimeufungia unga wa ugali gereji. Sukuma wiki hazitaingia hapa hadi Jumapili. Sitaki hata harufu. Madirisha yako wazi tangu asubuhi, nina mafua.

Abigail alipiga simu. Msichana mzuri, ananiita Mama bila kulazimishwa. Alitaka kuniambia jambo kuhusu mama yake na chakula cha Kenya. Nikamkatiza kwa upole. Nikamwambia asiwe na wasiwasi binti yangu, mama yako hataonyeshwa kitu kigeni hapa. Akaaga haraka. Nadhani alikuwa anafuta machozi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike polepole.

Chakula saa kumi na mbili jioni kamili, maana Misi Lundgren alisema Mmarekani hukaa mezani saa hiyo. Uma kushoto, kisu kulia. Jeli katikati. Nyama ya kusaga iliyookwa kama mkate. Maharagwe ya kopo ndani ya supu ya uyoga, ya kopo pia.

Marsha aliingia akinikumbatia. Akanusa. Akaniambia hajala tangu asubuhi, anasubiri ugali. Ametazama video. Amejifunza kufinyanga tonge kwa viazi vya kuponda, kule Ohio, wiki nzima. Kisha akaomba maji, akanawa, akasimama mikono juu kama daktari wa upasuaji.

Nikamwonyesha meza.

Jeli peke yake ndiyo iliyokuwa inatikisika.

Glen, mumewe, akasema hajaona kitu kama hicho tangu mazishi ya shangazi yake. Marsha akakaa chini taratibu. Akasema hivi ndivyo bibi yake alivyopika, familia yote mezani, baba anakata nyama. Mama yake alipoanza kazi, chakula kikawa kinatoka kwenye friza, kwenye trei ya bati yenye vyumba, wanakula wakitazama televisheni, hawatazamani. Yeye mwenyewe amelea watoto ndani ya gari, baga mapajani. Na sasa kwao kila mtu ana bakuli lake na saa yake. Jumanne chakula cha Meksiko, Ijumaa cha Thailand, na kuna Muethiopia wa mtaani kwao wanampenda sana. Hawa watu wanahama chakula kama wapangaji!

Marsha nyama hali tena. Glen hagusi ngano, na ule mkate wa nyama niliushikanisha kwa chenga za mkate. Uyoga unamletea vipele.

Tevin alikuwa ananiangalia. Bora angenigombeza. Niliiona harusi inapaa kwenda Ohio na kitambaa changu kinabaki.

Hapo mlango ukabishwa. Clarisse. Amekuja kuomba chumvi. Mwanamke ana chumvi ya kutosha ng'ombe! Akatazama meza, akatazama mikono ya Marsha iliyonawa. Akasema, "Pole, mama. Kwangu kuko bugali ya moto." Akarudi na sufuria mbili. Sombe haikuwa na nyama, ilikuwa na mafuta ya mawese tu. Ugali wa muhogo, ngano hakuna.

Marsha alifinyanga. Alichovya. Alifumba macho. Glen aliomba tena, na tena. Mimi nilikula jeli peke yangu. Ilikuwa tamu.

Mwisho Marsha akalamba vidole, akasema kama hiki ndicho chakula cha huku, harusi iwe huku. Januari. Granville! Abigail akapiga kelele. Kisha Marsha akaongeza: lakini Clarisse apike.

Clarisse akasema, mais non, mimi ni jirani tu. Lakini simu ya kuandika namba ya Marsha tayari ilikuwa mkononi mwake.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimetangaza kanisani kwamba nimeirudisha harusi Granville kwa chakula. Si uongo. Chakula kilikuwepo. Clarisse akakohoa, nikampa peremende.

Kwenye maegesho Tevin alinishika bega. Akasema, "Asante, Mama." Kwa Kiswahili! Mtoto ambaye hata njaa anaisikia kwa Kiingereza. Nilijifanya natafuta ufunguo.

Jumatano, 15 Oktoba

Kumbe kaka yake Abigail atakuja harusini na mkewe, mtu wa Peru. Huyo mke ndiye ataongoza wasindikizaji wote wa bibi harusi. Tevin, hata kabla sijafungua mdomo: Mum. Ask her. Please.

Sina haja. Kuna mzee wa duka la matairi Granville aliyewahi kuwa baharia. Alitia nanga Peru mara moja, mwaka sabini na nne, alasiri nzima. Anasema kule hawali kitu kingine ila simbilisi, wale wanyama kama panya mnene asiye na mkia. Wanaokwa wazima.

Clarisse hapiki peke yake mbele ya watu wa Peru! Nimetoka moja kwa moja hadi duka la wanyama wa kufuga. Wako wengi, safi, wenye nywele za kuchana. Msichana wa duka akaniuliza kama ni zawadi ya mtoto. Nikamwambia hapana, ni wa harusi. Akaweka mkono kifuani, akasema hajawahi kusikia jambo zuri namna hiyo.

Nikamwuliza kama kuna walionona zaidi.