Ngozi Moja, Mbwa Mwitu Watatu

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa sinema Jumatatu asubuhi, na kabla gundi haijakauka Mteremko alikuwa ameshalisoma mara mbili. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu tangu azaliwe hajaonekana akipanda kilima. Alikuwa na suti moja, viatu vilivyong'aa kuliko maisha yake, na ulimi wa kumuuzia kinyozi nywele alizozifagia mwenyewe.

Tangazo lilisema kwamba mwenye ukumbi amechoka. Atakayetengeneza filamu ya kutisha, ikawaridhisha majaji watatu, atakabidhiwa ukumbi wote na funguo zake. Mshiriki aweke kitu cha thamani kama dhamana, ili ijulikane hana mzaha.

Mwenye ukumbi aliitwa Mama Tiketi. Kwa miaka thelathini alikaa kwenye kibanda cha tiketi, nyuma ya nondo, huku marehemu mumewe akiendesha mashine kule juu. Sasa nusu ya viti vilikuwa vimevunjika, na watu walitazama filamu kwenye simu zao wakiwa wamelala chali. Binti yake alimpigia kila wiki amwambie aende akae naye alee wajukuu, na kila wiki mama alijibu wiki ijayo. Hakuwa na uchungu wa kuondoka. Alichoogopa ni kitu kimoja, na mtaa mzima ulikijua: tajiri wa magodoro. Bwana huyo alikuwa akiunyemelea ukumbi kwa miaka saba aufanye stoo, na Mama Tiketi aliapa kwamba hataki kufa akijua magodoro yamepangwa hadi dari mahali mumewe alipokuwa akifanyia kazi.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa Mama Tiketi. Mteremko alikwenda kwa tajiri.

"Mzee wangu, wewe amekukataa kwa sababu anajua unataka nini," alimwambia. "Mimi hanijui. Nipe kitu cha kuweka dhamana. Nikishinda, asubuhi ukumbi ni wangu, jioni ni wako."

Tajiri huyu asingemwachia mama yake mzazi mto wa sampuli bila kumsainisha. Lakini miaka saba ya kutamani inamlegeza mtu. Siku hiyohiyo aliandikisha pikapu lake jeupe kwa jina la Mteremko, likiwa dhamana leo na malipo ya kazi kesho. Mteremko naye, kama mnataka kujua, alipanga kumkabidhi tajiri funguo, kubaki na karatasi za ukumbi, kisha apande pikapu akamuuzie mtu mwingine ukumbi huohuo kwenye mji wa mbali. Tusimlaumu sana. Wapo watu wa heshima waliowahi kupanga mabaya zaidi.

Mama Tiketi alimpa mkataba wa kurasa nne. Mteremko hakuusoma. Maisha yake yote alikuwa amewasainisha wenzake karatasi wasizozisoma, na wazo kwamba mwingine anaweza kumfanyia yeye hivyo halikumjia hata kwa bahati mbaya. Alisaini kila ukurasa huku akimsifia mama kitambaa chake cha kichwani, akakabidhi kadi ya pikapu na ufunguo wake, akaenda zake akipiga mluzi.

Ikabaki filamu. Alichagua habari za mtu anayegeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, kwa hesabu rahisi kabisa: mbwa mwitu amefunikwa uso. Akimfunika uso, nani atajua ndani kuna nani? Alishona blanketi la manyoya likawa ngozi, akachukua helmeti ya pikipiki akaibandika masikio na meno ya plastiki, kisha akaanza kuuza nafasi ya mbwa mwitu.

Aliyeinunua kwanza ni muuza nyama, bonge la mtu, ambaye alitoa damu ya ng'ombe ndoo nzima na nyama ya kuwalisha wote mpaka kazi iishe. Aliyeinunua wa pili ni mwenye nyumba, mrefu mwembamba, aliyetoa nyumba yake tupu ya kurekodia na kumruhusu Mteremko aishi humo bure. Wa tatu alikuwa fundi wa video za harusi, mfupi kuliko wote, aliyetoa kamera. Kila mmoja aliapishwa asimwambie mtu mpaka siku ya kuonyeshwa, kwa kuwa hiyo ndiyo siri ya sanaa. Kila mmoja aliambiwa kwamba ameonekana ana kitu machoni. Machoni, jamani, na uso uko ndani ya helmeti.

Walirekodi siku sita, mchana mweupe, maana taa hawakuwa nazo. Ili uonekane usiku walishika miwani ya jua mbele ya kamera. Mwezi mpevu ulikuwa sinia lililotundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuanua, fulana mbili zilipepea kando ya mwezi filamu nzima. Mhanga hakupatikana, kwa sababu aliyechangia anataka kuuma, hataki kuumwa. Basi Mteremko akajivika gauni, akaumwa yeye. Aliumwa na muuza nyama Jumanne, akaumwa na mwenye nyumba Jumatano, na kila mara alikufa kwa moyo wote.

Zamu ya fundi wa harusi ilipofika hakukuwa na wa kushika kamera, ikawekwa juu ya stuli. Ikarekodi magoti. Huyo fundi ndiye aliyeziunganisha picha, na walipofika kwenye zile za wenzake Mteremko alimwambia kwamba ni majaribio tu ya mavazi, azibakize ili filamu iwe ndefu. Akazibakiza. Na kwa kuwa mikono yake ilizoea harusi, kila mtu alipouawa maua yalidondoka pembeni ya skrini.

Majaji nao walishughulikiwa. Mbali na Mama Tiketi mwenyewe, alikuwepo karani mstaafu wa mahakama na mama mwenye duka la dawa. Karani aliahidiwa jina lake mwanzoni mwa filamu kwa herufi kubwa, Mshauri Mkuu wa Sheria. Mwenye duka aliahidiwa kwamba mbwa mwitu ataingia dukani kwake, na kweli aliingia, akapanga foleni, akanunua bandeji. Wawili hao walikubaliana na Mteremko kushtuka kila mbwa mwitu atakapotokea. Kura mbili kati ya tatu. Kwake hiyo ilikuwa kazi imekwisha.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, alasiri, ukumbi ulijaa. Mteremko alishangaa kidogo, kisha akakumbuka kwamba watu watatu wasioruhusiwa kusema siri huwa wamealika ukoo mzima waje kuishuhudia. Muuza nyama alijaza safu mbili. Mwenye nyumba alileta wapangaji wote, kwa lazima. Fundi wa harusi alikuja na mama yake mzazi. Tajiri wa magodoro alikaa nyuma, akipima kuta kwa macho.

Taa zikazimwa. Mbwa mwitu wa kwanza akatokea, tumbo mbele, zipu ya mgongoni imefunguka mpaka kiunoni. Karani na mwenye duka la dawa wakashtuka kama walivyoelekezwa. Mke wa muuza nyama akasimama kwa furaha, akawatangazia watu kwamba huyo ndiye baba watoto wake, anautambua huo mgongo. Makofi yakapigwa.

Dakika tatu baadaye mbwa mwitu yuleyule akatoka mlangoni akiwa amerefuka futi moja na kupoteza tumbo lote. Mwenye nyumba akainuka kitini akainama kwa heshima. Muuza nyama akamwuliza anainama nini. Mwenye nyumba akamjibu kwamba mtu huinamia kazi yake. Kabla hawajaelewana skrini ikaonyesha magoti mawili yenye manyoya, na mama wa fundi wa harusi akalia machozi, akasema hayo magoti ameyazaa yeye.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Watu walicheka hadi wakashikana, wakacheka fulana, wakacheka maua, wakacheka foleni ya dukani. Karani na mwenye duka la dawa wakaendelea kushtuka kwa zamu, waaminifu hadi mwisho, jambo lililozidisha kicheko. Wale mbwa mwitu watatu peke yao hawakucheka. Walikuwa wamegeuka wote kumtafuta Mteremko gizani.

Yeye alikuwa amesimama karibu na mlango, akihesabu hatua mpaka kwenye pikapu. Alichohitaji ni kura mbili, funguo, na miguu.

Taa zikawashwa. Karani akasimama akasema ameogopa sana. Mwenye duka la dawa akasema hivyohivyo. Mama Tiketi akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa, akasema naye anampa Mteremko kura yake.

Hapo ndipo mjanja mwenye akili zake angepaswa kunusa kitu. Mteremko alinusa ushindi tu. Alipokea funguo mbele ya watu wote, akainua mkono juu, na tajiri wa magodoro akaja mbio na mkono umenyooshwa.

"Subiri, baba," Mama Tiketi akamwambia tajiri kwa upole. "Karani atusomee ukurasa wa nne."

Karani akavaa miwani. Alikuwa amesoma karatasi za watu kwa miaka thelathini, na sauti ilimrudia. Ukurasa wa nne ulisema kwamba mshindi anakabidhiwa ukumbi autunze kwa miaka kumi. Ataufagia, atatengeneza viti, ataonyesha filamu kila siku na kukaa mwenyewe kwenye kibanda cha tiketi. Hataruhusiwa kuuuza, kuukodisha, wala kuweka ndani bidhaa yoyote ya kulalia. Dhamana itarudishwa miaka kumi ikitimia, na mpaka hapo mama ana haki ya kuitumia.

Tajiri akaomba kusomewa tena sehemu ya bidhaa ya kulalia. Alisomewa. Akakaa chini kwenye kiti kilichovunjika, kikamwangusha.

Mteremko alijaribu. Alimwita "mzazi wangu", alitaja afya yake mbaya, alitaja bibi mgonjwa ambaye alishamzika mara nne. Mama Tiketi alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu kwa kweli alikuwa akifurahia.

"Mwanangu," akamwambia, "kutisha nilijua huwezi. Nilikuwa natafuta mtu wa kukaa pale dirishani. Wewe umewauzia watu watatu ngozi moja, kila mtu akaondoka akishukuru. Unafikiri nitampata wapi mwingine wa kuuza viti hivi?"

Aliangalia skrini kwa mara ya mwisho. Miaka saba aliogopa kufa kabla hajapata mtu wa namna hii, na sasa alikuwa na raha hata akaona aibu kidogo. Alitoka nje na begi lake lililokuwa limefungwa tangu juzi, akapanda pikapu jeupe, akawapungia mkono, akaelekea kwa binti yake na wajukuu. Aligonga gia mara mbili, kisha barabara ikamkubali.

Kisha waliotapeliwa wakamgeukia Mteremko, muuza nyama akiwa mbele, mwenye nyumba pembeni, fundi wa harusi ameshika stuli, na tajiri anajikung'uta vumbi. Mteremko aliangalia huku na huku. Palikuwa na chumba kimoja tu chenye mlango wa chuma na nondo dirishani. Aliruka ndani, akajifungia.

Na watu hawakuondoka. Walitaka kuiona filamu tena, na waliokuwa nje walitaka kujua wa ndani walicheka nini. Foleni ikajipanga mbele ya dirisha, ikazunguka kona, ikawasukuma mbwa mwitu watatu na tajiri pembeni, lakini si mbali. Wakaketi ukutani kusubiri. Jumapili walikuwepo. Jumatatu walibadilishana zamu.

Jumatatu hiyohiyo babu mmoja mwenye mkongojo alifika dirishani, akainamia nondo, akauliza kama filamu hii inatisha kweli au ni maneno ya watu.

"Inatisha, mzee wangu," Mteremko akasema, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza chumvi. "Mimi nimeicheza, na tangu Jumamosi sijathubutu kutoka humu."

Babu akanunua mbili.