Jinsi Makoye Tarishi Alivyopanda Mlingoti wa Mfalme

Kusanyikeni, enyi wachunga ng'ombe na wapanda pamba, nanyi wachimba dhahabu mliotoka kila pembe ya nchi. Fungeni ndama, epueni chungu jikoni, kaeni kitako mnisikilize. Siwasimulii vita vya Mjerumani, wala watemi waliopigana kwa mikuki hata wakwe zao wakachoka kuwazika. Nawasimulia jambo zito kuliko hayo, nililolitenda mimi mwenyewe, Makoye wa Bujiku, tarishi wa boma, mwenye vifungo sita vya shaba, mbeba barua nisiyejua kuzisoma: siku nilipopanda mlingoti wa bendera. Mlingoti wenyewe ulikuwa futi ishirini na tano. Msicheke, hamjaambiwa nilivaa nini.

Ulikuwa mwaka wa 1948. Mwaka uliotangulia Waingereza walikuwa wameiachia Bara Hindi, nchi iliyowalisha na kuwavisha, na mtu aliyeponyokwa na fahali humfunga mbuzi kwa kamba mbili. Basi ndipo walipotukumbuka sisi. Zikaja amri juu ya amri: limeni matuta, punguzeni ng'ombe, fyekeni mapori ya mbung'o. Hata ikatangazwa kwamba Bwana Mkubwa wa Jimbo anakuja mwenyewe kutoka Mwanza, kwa njia ya Geita, na ramani ndefu kama mkeka wa kulalia, atusomee mpango wa miaka hamsini ijayo.

Ila dola hiyo yenye mpango wa miaka hamsini haikuwa na kamba ya bendera. Ya zamani ilioza. Bwana Shauri, mkuu wa boma letu dogo kando ya njia ya Segese, aliomba nyingine Mwanza. Ikapita miezi minane, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa.

Hapo nikatokea mimi, mwokozi, kifua mbele. Nilikata ukanda mrefu wa ngozi ya fahali, nikausugua kwa samli siku tatu kama baba alivyonifunza, nikaupitisha kwenye kapi, kile kigurudumu cha kamba kule juu. Bendera ikapanda kimya kimya, na Bwana Shauri akanipa sigara nzima. Nilitembea na sigara ile sikioni siku nne bila kuiwasha. Kumbe kosa nililolitenda ni kosa la mwana wa wafugaji. Ukanda wa ngozi sisi tunaujua shingoni mwa ng'ombe. Ukinyeshewa unavimba, na ng'ombe hajali. Kwenye kapi hatukuwahi kuuona.

Alfajiri ya siku ya baraza mvua ikanyesha. Kulipokucha, mbele ya wenye kaya wote waliokaa wamezunguka mlingoti, nikaushika ukanda kwa madaha, nikavuta. Bendera ikapanda, ikafika katikati, ikasimama. Nikavuta kwa nguvu ya fahali wawili. Ukanda ulikuwa umevimba na kukaba kwenye kapi. Haukwenda juu wala haukurudi chini.

Karani wetu Donatus, msoma magazeti, akavua kofia. "Makoye," akasema, "bendera ikikaa nusu, maana yake Mfalme amekufa."

Wazee wakaanza kuulizana msiba uko wapi, na mama mmoja mwenye huruma akaangua kilio. Bwana Shauri akatoka ofisini mbio, uso mwekundu.

"Makoye! Gari ya Bwana Mkubwa iko karibu! Panda juu, legeza kapi, bendera ifike mwisho! Kama hapana panda, vua nguo ya serikali hapa hapa!"

Ningepanda, haki ya mama! Lakini mstari wa mbele, chini kabisa ya mlingoti, alikuwa amekaa Mama Limi wa Nyahanga, mkwe wangu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana ndipo ilipo roho yangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mwanamume huingia porini akampisha. Mimi, mwaka uliotangulia, nilikutana naye nikiwa nimevaa vifungo vyangu, na pombe kidogo kichwani, nikatamka maneno ninayoyaonea aibu hadi leo: "Tarishi wa Mfalme hampishi mtu." Akapisha yeye, mama mzima, akaingia miibani. Kesho yake akaja akamchukua mke wangu Limi, akasema, "Na akapikiwe na Mfalme wake." Miezi saba nililala peke yangu na vifungo vyangu. Niliomba radhi kwa wajumbe watatu, na jibu nilikuwa nipewe siku hiyo, baada ya baraza.

Na ile kaptura! Serikali iligawa kaptura za kipimo kimoja, miguu mipana kama madebe, wala haikugawa kitu cha kuvaa ndani.

Nikapiga magoti, nikanena kwa sauti ya kutetemesha bati: "Ewe Bwana Shauri, nipeleke kwa simba, nitakwenda nikiimba! Niambie nivuke mto wenye mamba, nitavuka na barua yako mdomoni! Lakini juu ya kichwa cha mkwe wangu, kwa kaptura hii, usinipandishe!"

"Mkwe ni nini?" akauliza Bwana Shauri.

Donatus akamweleza kwa Kiingereza, kirefu sana. Bwana Shauri akatikisa kichwa. "Dola haingoji mkwe. Mwambie mama asogee."

Mama Limi hakunijibu mimi, wala hakunitazama. Aliusemesha mlingoti. "Ewe mti, mwambie mtu huyo nimefika hapa kabla ya jogoo. Mwaka jana nilimpisha, miiba ikanichoma hadi magotini. Leo sihami ng'o."

Basi nikapanda. Imbeni, enyi wake kwa waume, upandaji wa Makoye! Mkono mmoja ulikumbatia mti, wa pili ukibana kaptura. Magoti yalishikamana kama ya bibi harusi. Samli niliyoipaka kwa sifa ilikuwa imechuruzika mtini, nikawa napanda hatua mbili nateleza moja. Nilipoifikia bendera niliona vumbi la gari upande wa Geita. Na papo hapo upepo ukaingia kapturani.

"Yoooo!" wakapiga kelele watu wote. Bado Mama Limi alikuwa ameinamisha macho, lakini hakuna mwanadamu asiyeinua macho kwa kelele kama ile, na kidevu chake kilikwisha anza kupanda.

Sikufikiri. Nilichomoa kisu, nikakata ukanda, nikapaaza sauti: "Mfunikeni mama!"

Bendera ya Mfalme ikaanguka imekunjuka, ikamfunika mkwe wangu kutoka kichwani hadi miguuni. Hakuiondoa. Aliivuta vizuri zaidi akajitanda. Nami nikateremka kwa mteremko wa jiwe, mapaja yakiwaka moto, nikakimbilia nyuma ya ofisi kama adabu inavyotaka.

Gari likasimama. Bwana Mkubwa wa Jimbo akashuka na ramani yake kwapani, akautazama mlingoti mtupu, akamtazama bibi aliyejitanda bendera, akautazama tena mlingoti.

"Tayari?" akauliza, kwa Kiswahili safi. "Mapema hivi? Si tulisema miaka hamsini?"

Kutoka ndani ya bendera ikasikika sauti ya Mama Limi: "Ewe mti, mwambie mtu huyo nimeona alivyonipisha. Jumamosi nitamleta mke wake."

Adhabu nilipata: nilinyang'anywa vifungo vinne, nikalimishwa matuta mia moja. Lakini andikeni, enyi mnaojua kuandika, kwamba mwaka ule, kwa muda wa robo saa, dola ya Waingereza ilimsitiri mama wa Nyahanga, na aliyeiamuru ni Makoye wa Bujiku, mwenye vifungo viwili.

Limi alirudi Jumamosi. Alitua mzigo, akacheka hadi akashika ukuta, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba baraza zima liliona.

"Wote," nikamwambia, "isipokuwa mama yako."