Shemeji na Kiti cha Waasisi

Jumapili, 8 Septemba 1985

Chakula cha mchana kwa shemeji Royce. Nyama ya kuoka, viazi, na majivuno. Tulipofika kwenye pai akatoa barua mfukoni, akaisoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia kutoa watu kwenye nyumba zinazoungua. (Alikuwa zimamoto miaka mingi. Mji haujasahau, maana haupewi nafasi ya kusahau.) Mwezi ujao mji wetu wa Wexcombe unatimiza miaka mia tatu na ishirini na mitano. Kamati ya sherehe inamwalika akae jukwaani, kwenye viti vya vizazi vya waasisi. Eti anatokana na Shemasi Gideon Penniman, mmoja wa wale wa mwanzo.

Mke wangu Lorna akalia kwa furaha. Royce ni kaka yake. Akamkatia kipande cha pili cha pai kabla mimi sijapata cha kwanza. Niliona.

Royce ana miaka sitini na nne na nywele zote. Nyanya zake huiva mapema kuliko zangu. Sasa ana shemasi pia. Nikasema, taratibu tu, kwamba sisi akina Tubbs nasi tupo Wexcombe tangu zamani. Akanipiga begani. "Bila shaka, shemeji. Lazima kuna mtu alikuwa anawabebea mizigo." Wote wakacheka. Lorna zaidi.

Kesho sifungui duka. Mashine za kukatia nyasi ninazotengenezea watu zitasubiri.

Jumatatu, 9 Septemba

Chumba cha kumbukumbu za mirathi, chini kabisa ya jengo la mahakama. Humo mna wosia na orodha za mali za marehemu wote wa kaunti hii, tangu enzi tulipotawaliwa na mfalme wa Uingereza. Msimamizi, Bi. Dunphy, alinipa kiti cha chuma kinachoyumba na kunikataza kalamu ya wino. Mwandiko wa watu wale ni kama kuku kapita na matope miguuni.

Baada ya asubuhi nzima nimempata Obadiah Tubbs, aliyefariki mwaka 1748. Mali yake: chungu kilichopasuka, blanketi, nguruwe mmoja "mwembamba". Kachelewa karibu miaka tisini kuwa mwasisi. Baba yake nani? Hasemi. Mtu anakumbuka kutaja nguruwe, baba hapana.

Mchana mlango ukafunguliwa. Royce. Kaja kunisaidia, eti Lorna kamwambia nipo huku. Kaleta donati. Bi. Dunphy, ambaye asubuhi yote hakuonyesha jino, alicheka mpaka miwani ikamteleza. Akamletea Royce kiti chenye mto. Sikujua kwamba ofisi ile ina mto.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimewapata. Sio mmoja, wawili!

Orodha ya mali ya nyumbani kwa Kapteni Josiah Brock, mwasisi asiyetiliwa shaka, 1683. Jikoni, kati ya meza na ndoo, imeandikwa waziwazi: Tubbs, 2, kuukuu. Ni wazi kabisa. Mzee Tubbs na mkewe, wamekula chumvi nyingi, wanalelewa na Kapteni kwa heshima. Nikanakili kwa penseli na kwenda moja kwa moja kwa Bi. Satterlee, mwenyekiti wa kamati. Nilipita mbele ya nyumba ya Royce makusudi, nikapiga honi.

Bi. Satterlee alisoma mara mbili. Akaniuliza kwa upole kama nimeona kwamba wazee hao wamepangiwa bei, shilingi mbili kwa wote. Nikasema zamani maisha yalikuwa magumu. Akanieleza kwamba watu wa wakati ule waliandika maneno kwa herufi walizojisikia, na kwamba jina letu, mtu akilitamka, halina tofauti na neno la Kiingereza la mapipa ya kufulia nguo.

"Mapipa mawili, Bwana Tubbs. Makuukuu."

Akanipa chai. Sikuinywa.

Ijumaa, 13 Septemba

Mji wote unajua. Kwa kinyozi nimeulizwa kama ndoo ni binamu upande wa baba au wa mama. Royce alipita dukani na kunisalimia, "Hujambo, Pipa? Pipa la pili nalo halijambo?" Pipa la pili ni dada yake mwenyewe. Anacheka bila kinyongo, na hilo ndilo linaloudhi. Mtu mwenye kinyongo unaweza kumjibu.

Jumanne, 17 Septemba

Nimefikiri. Kama mimi siwezi kupanda, basi ashuke yeye.

Nikaomba jalada la mirathi ya Shemasi Gideon Penniman mwenyewe. Karatasi nyingi, zote zinasifu. Ng'ombe, shamba la mtoni, Biblia mbili. Mtu alikuwa na Biblia mbili wakati babu yangu ana nguruwe mwembamba. Kisha, kwenye mgao wa ardhi, nikafika hapa: "kwa Seth, ambaye watu humwita Penniman, mtoto wa mke wangu kwa mumewe wa kwanza, marehemu Samuel Eames."

Mtoto wa kambo. Na Royce anatokana na Seth. Kaandika hivyo mwenyewe kwenye mti wa ukoo alioutundika sebuleni, kwenye fremu, na taa juu yake. Hana hata tone la damu ya shemasi. Amebeba jina la kuazima maisha yake yote, na nywele zile.

Bi. Dunphy akauliza kama naumwa. Nilikuwa natabasamu.

Jumatano, 18 Septemba

Nimempelekea Bi. Satterlee nakala. Nikamwambia inaniuma, lakini ukweli ni ukweli. Nikamsihi asitaje jina langu. Alisoma, akavua miwani. Akasema italazimu kumwandikia Royce barua. Nikamwambia asiharakishe, ila posta hufungwa jioni.

Nimekula vizuri leo. Lorna kauliza mbona napiga mluzi.

Jumapili, 22 Septemba

Royce na mkewe walikuja kula kwetu. Hakugusa nyama. Kiti kimefutwa. Alisema tu kwamba baba yake alimfundisha kulitamka jina la shemasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kisha akatazama sahani. Nilitegemea kufurahi zaidi. Nilifurahi mpaka kwenye viazi, furaha ikakwama hapo.

Lorna akatoka chumba cha kushonea na gauni la bluu, limeshonwa nusu. Nikamuuliza la nini. Akaniangalia kama mimi ninavyoangalia mashine isiyowaka. Yeye naye ni Penniman. Alikuwa akae jukwaani pembeni ya kaka yake. Binti yetu Gail alikuwa asome majina ya waasisi, na wajukuu wetu wabebe bendera.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika hesabu zangu zote, Royce alikuwa na babu peke yake.

Lorna akataka kujua ni nani mwenye roho ya kwenda kufukua kitu kama hicho. Nikasema dunia ina watu wabaya. Royce akasema, "Ningemjua, shemeji, nisingemfanya kitu. Ningemuuliza tu nilimkosea nini."

Nikaenda kuangalia oveni. Ilikuwa imezimwa.

Jumatano, 25 Septemba

Lorna hashoni, haimbi. Leo amelikunja gauni lile la bluu na kulitia kabatini chini ya mablanketi. Nimeshindwa kula. Nikaamua kwenda kwa Royce nikakiri yote, liwalo na liwe.

Nilifika getini. Barazani kwake kulikuwa na pai tatu, sufuria ya supu ya kome, maharage ya kuoka, na kikapu cha matunda chenye utepe. Majirani wanampa pole. Mkuu wa zimamoto alikuwa amekaa naye, kamshika mkono. Mimi nilipovunjika kifundo cha mguu mwaka juzi nililetewa kadi moja ya pole, na ilitoka duka la dawa.

Nikageuka nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 28 Septemba

Bi. Satterlee amekuja kwetu bila taarifa, na Royce nyuma yake. Nikakaa kabla wageni hawajakaa.

Akaanza kueleza. Samuel Eames, yule mume wa kwanza, si mtu wa hivihivi. Ndiye wa kwanza kukaa hapa majira ya baridi, peke yake na mkewe, kabla ya shemasi, kabla ya Kapteni Brock, kabla ya yeyote. Alikufa kwa homa akijenga kinu. Siku zote ilidhaniwa kwamba hakuacha mtoto. Kamati imeitafuta damu yake kwa miaka na kukata tamaa. Sasa imepatikana. Kiti cha kwanza kabisa, cha katikati, ni cha Royce, na kinachofuata ni cha Lorna.

"Na yote haya," akasema, "ni juhudi za Bwana Tubbs, ambaye aliniomba nisimtaje. Ni mnyenyekevu kupita kiasi."

Royce akaninyanyua kutoka kwenye kiti. Akanilowesha kola kwa machozi. "Pipa wangu wewe! Ulijua, ukanyamaza ili uje utushangaze." Nikasema ndiyo.

Lorna hakulia. Walipoondoka akasema, "Merrill, nimeishi na wewe miaka thelathini na tisa." Basi. Akachukua mto wangu na kuupeleka chumba cha kushonea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Bado nalala chumba cha kushonea. Kitanda ni kifupi. Gauni la bluu limekwisha na limetundikwa mlangoni, kila nikifumbua macho nadhani kuna mtu amekuja kunisuta. Lorna ameweka sharti moja: nimwambie kaka yake ukweli, kwa mdomo wangu, bila kuupamba. Nimesema nitafanya hivyo baada ya sherehe, nisije nikamharibia siku. Akasema ameshazisikia huruma zangu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sherehe. Majani ya miti mekundu, watu tele uwanjani mbele ya kanisa. Royce kiti cha katikati, suti nyeusi, kila nywele mahali pake. Lorna pembeni yake katika gauni la bluu, akionekana kama siku niliyomwoa, ila hakunitazama. Gail akasoma majina bila kukosea. Wajukuu wakabeba bendera. Mimi nilikuwa chini ya jukwaa, nimeshika makoti ya wote.

Royce akaomba kipaza sauti. Akasema kuna mtu mmoja hapa ambaye bila yeye asingejua alikotoka. Akanitaja. Watu wakanipigia makofi. Nilipata joto kifuani, nakiri. Kisha bendi ya shule ikapita na kupigiwa makofi marefu zaidi, na nusu yao walikuwa wanakosea noti.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekiri. Nilikwenda kwa Royce asubuhi, Lorna akiwa ndani ya gari anahakikisha. Nikamwambia kwamba sikuwa namtafutia babu, nilikuwa namwondolea aliyekuwa naye. Nikamwambia kuhusu kiti chenye mto, kuhusu nyanya, kuhusu pai. Nilishindwa kusema kuhusu nywele.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua, shemeji. Bi. Dunphy aliniambia kwamba siku ile ulipofungua jalada la shemasi ulikuwa unatabasamu. Na wewe hutabasamu."

Alijua! Wiki zote hizo alijua, na jana akanisimamisha mbele ya mji mzima nipigiwe makofi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sisi ni ndugu, na kwamba mtu akishatolewa kwenye moto haulizwi aliuwasha nani. Nilitoka pale nimeguswa kweli. Nilipofika kwenye gari nikagundua kwamba hata kusamehe ananishinda.

Mchana walikuja kula kwetu. Baada ya pai (kipande changu kilikuwa cha kwanza) Royce akanipa bahasha. Amekuwa akienda mahakamani peke yake, kunitafutia. Nakala ya wosia wa seremala mmoja, Elisha Pratt, wa mwaka 1694. Chini kabisa ya ukurasa: "Kwa mtumishi wangu Hezekiah Tubbs, suruali yangu ya pili kwa uzuri, kwa kuwa amenivumilia." Na Hezekiah huyu ndiye baba wa Obadiah. Royce amethibitisha kwa karatasi nyingine mbili.

Wakapiga makofi. Gail akanibusu. Lorna akanishika mkono juu ya meza, mara ya kwanza tangu Septemba, akasema mto wangu umerudi mahali pake. Wakanitaka niseme neno.

Nikasoma tena. Nikauliza: ya kwanza kwa uzuri alipewa nani?

Royce akasema hajui, ni ukurasa wa pili, hakuufungua, yeye alikuwa anamtafuta Tubbs tu. Lorna akaachia mkono wangu.

Mtu anasomaje wosia nusu?

Jumanne, 15 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu, ofisi imefungwa. Leo nilikuwa mlangoni kabla ya Bi. Dunphy.

Ukurasa wa pili, mstari wa juu. Suruali nzuri, ya sufu, yenye vifungo vya shaba, alipewa mtumishi mwingine, Amos Whitcher. Hakuna sababu iliyotolewa. Hezekiah alivumilia, na imeandikwa kwamba alivumilia. Whitcher alifanya nini? Nimesoma wosia wote mara tatu. Hakufanya kitu.

Kuna Whitcher mmoja hapa mjini, anauza bima Mtaa wa Kinu. Sijawahi kuwa na neno naye. Wakati wa kurudi nilipita mbele ya ofisi yake. Alikuwa amesimama mlangoni, suruali ya kijivu, imepigwa pasi mpaka imesimama. Akanipungia mkono.

Sikumwitikia. Anajua kwa nini.