Kituo Kinamwita Kaka

Jumatatu, 3 Machi
Kaka yangu anaumwa sana, na bado tumenuniana. Ugomvi ni ule ule: alichukua redio ya marehemu baba bila kuniuliza. Kwake sikanyagi, simu hatupigiani. Hewani tunazungumza, kila mtu na redio yake ya mawasiliano, maana hewani hakuna kaka na mdogo wake, kuna kituo na kituo. Leo nimemwita. Amejibu kwamba nasikika kwa mbali, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Basi nimeapa. Nitamwomba radhi, lakini kwa sauti nene. Msamaha hauombwi kwa sauti ya mbu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza kuunda amplifaya, mtambo wa kuipa redio yangu nguvu zaidi. Pawa saplai yake, boksi la kuilisha umeme, nzito, nusura initegue kiuno. Mke wangu ameuliza kwa nini nisipande basi nikamwone mgonjwa, safari yenyewe ya asubuhi moja. Nimemwambia mambo ya ufundi hayajui. Amenitazama, akaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 6 Machi
Kaka hewani. Kikohozi kibaya. Nimemsimulia amplifaya yangu kwa maringo, akanikatiza. Ati bayasi, ule umeme mdogo unaoiweka transista, kipuri kinachokuza sauti, macho kabla sauti haijaja, unataka mlinzi. Mlinzi ni dayodi. Iguse transista, ibanane nayo, ili ikihisi joto ipunguze bayasi. Isipohisi, transista itazidi kujipasha moto mpaka ife. Yaani hata kitandani ananifundisha! Nikasema asante, kituo. Kisha nikaihamishia dayodi upande wa pili wa boksi, penye upepo. Kidude kidogo vile, kiunguzwe kwa kosa gani?

Jumapili, 9 Machi
Nimewasha. Mshale wa mita umepanda vizuri. Nikamwita. Safari hii hakutaja kituo. Alisema mdogo wangu, njoo. Sauti nyembamba, lakini nilisikia neno kwa neno. Tangu tununiane hajaniita hivyo. Machozi yalinitoka.

Nami nikajibu nini? Nikajibu kwamba hewani tunatumia namba za vituo, na kwamba saplai yake inavuma, akague kapasita. Mdomo huu! Halafu nikajikaza niseme ya moyoni. Nikaongeza bayasi kidogo, sauti inenepe. Nikaanza: kaka, nisamehe kwa... Hapo hapo harufu, kisha moshi, kisha nyumba nzima giza. Transista imejipika yenyewe, na dayodi kule kwenye upepo haina habari.

Mke wangu akauliza gizani kama nimeshasema. Nikamwambia nusu.

Jumatatu, 10 Machi
Duka la vipuri hawana transista ile. Italetwa keshokutwa. Nimekuta mke wangu amenifungia begi la safari, hata mswaki ameweka. Nimemuuliza nitamkabili vipi mgonjwa na msamaha nusu. Keshokutwa si mbali.

Jumatano, 12 Machi
Transista imefika. Kaka amefariki alfajiri. Naandika kwa mpangilio huo kwa sababu ndivyo habari zilivyonifikia. Transista bado iko mfukoni, sijui niiweke wapi.

Jumapili, 16 Machi
Tumezika. Shemeji, mke wa marehemu, amenivuta pembeni. Amesema kaka alikuwa ananisikia vizuri siku zote, chumba kizima kilikuwa kinajaa sauti yangu. Alidai nasikika kwa mbali ili nikate tamaa ya redio, nije kwa miguu yangu. Nikakaa chini pale pale, na suruali ya kuazima.

Jumanne, 18 Machi
Sasa dada yetu hanisemeshi. Anasema nilimwacha kaka aniite mpaka akanyamaza. Ana haki. Anakaa mtaa wa pili tu. Mke wangu ameniletea viatu mpaka mlangoni, akasema nenda sasa hivi. Nimekubali. Yaliyonipata yametosha, sirudii kosa lile maisha yangu yote.

Tatizo dada hana redio. Nimeanza kumjengea moja, ndogo, ya kupokea tu. Ikiwa tayari nitamwita.