Hoteli Isiyopika Kilichovuka Maji

Jumapili, 1 Septemba 1974

Naanza daftari hili. Mwalimu wa elimu ya watu wazima alinipa nifanyie mazoezi ya herufi kubwa. Herufi kubwa nishazijua. Mambo yangu ndiyo makubwa.

Hali ni hii. Mke wangu Mwanahija yuko kisiwa cha Juani kwa mama yake, wiki ya pili sasa. Sababu ni cherehani. Niliiuza cherehani yake, nikanunua mabenchi manne, sufuria mbili kubwa na kopo la rangi, nifungue hoteli. Nilitaka nimshtukize. Akashtuka kweli.

Shaabani ishafika nusu. Ramadhani ikiingia naye yuko ng'ambo, nitafuturu peke yangu, miaka kumi na mmoja ya ndoa. Sitaki. Sitaki kabisa! Hoteli ishike, nimnunulie cherehani nyingine, arudi. Ndiyo mpango wote.

Wazo nililipata kwenye foleni ya unga wa ngano hapahapa Utende. Unga hakuna. Mchele wa bara hakuna. Sukari ukiiona, isalimie kwanza. Redio inasema tujitegemee. Nikajiuliza, Mafia tuna nini? Muhogo! Nazi! Kunde! Pweza! Nishaandika kibao: HOTELI YA KUJITEGEMEA. HATUPIKI KITU KILICHOVUKA MAJI.

Binamu yangu Othmani, mwenye hoteli ya chai na maandazi mkabala na kwangu, kakisoma mara mbili. Akauliza, na sufuria je, hazikuvuka maji? Nikamwambia sipiki sufuria, napika ndani yake. Akarudi kwenye maandazi yake. Moja bila!

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeamka alfajiri kuwasha moto. Lo! Kiberiti! Kimevuka maji. Nikaenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Jirani mwenyewe ndiye Othmani. Kanipa kaa kubwa, huku anatabasamu. Tabasamu lile sikulipenda.

Nimepika mihogo ya nazi, kisamvu na mchuzi wa pweza. Mahali ni pazuri, wote wanaosubiri mashua za Chole, Juani na Jibondo hupita mlangoni. Nikasimama nikaita "karibuni, karibuni chakula," kama mama alivyonilea. Wakaja! Watu ishirini na watatu. Wajibondo waliokuja kuteka maji waliacha mitungi yao kisimani wakaja. Mabenchi yakajaa, wengine wakakaa jamvini. Mimi mlangoni naona cherehani mbili, moja ya mkono na moja ya miguu.

Wakamaliza. Wakanawa. Nikajikohoza. Hapo Mzee Shaibu, mkubwa wa mtaa wetu, akanisogelea akauliza kwa upole hitima hii ni ya nani. Nikatazama chini. Kimya changu wakakidhani majonzi. Wakainua mikono, wakamsomea marehemu Fatiha. Baada ya dua utamdai nani? Wakanipa mkono wa pole mmoja mmoja, wakaenda zao.

Na mimi nimeitikia Amina. Marehemu labda ni cherehani.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeandika bei ukutani kwa chaki. Watu wamesoma, wamecheka, wamevuka kwenda kwa Othmani, na wamelipa fedha taslimu kwa maandazi membamba unaona hadi upande wa pili. Nikamwuliza Mzee Shaibu kosa langu nini. Jana alikula sahani tatu, mtu wa haki. Akaniweka kitako.

"Muhidini mwanangu, muhogo ni wa kukaribishana. Mtu anakwenda hotelini kula asichokuwa nacho kwake. Wewe ukimwita karibu, kisha ukamdai, umemfukuza."

Nikasema basi sitaita karibu. Nimejaribu. Kapita mwanamke na mtoto mgongoni, mimi nimekaa mbele ya sahani, ulimi nimeuuma kwa meno. Siwezi. Karibu imetoka yenyewe. Wamekula wote wawili, na mtoto meno hana.

Alhamisi, 5 Septemba

Kizuri chajiuza! Nimebadili mkakati. Leo nimepeleka sahani majumbani, nyumba tisa, kila moja na mihogo na pweza juu. Wakirudisha sahani watarudisha na kitu. Othmani kaniona nikipita na sinia kichwani, akanimalizia methali: kibaya chajitembeza. Mtu mwenye sinia kichwani hajibizani.

Ijumaa, 6 Septemba

Sahani zimerudi na kitu. Nilisahau ni kitu gani. Kwetu sahani hairudi tupu, nami nimelelewa hivyohivyo, sijui akili nilikuwa nimeiweka wapi. Kunde. Mapapai. Mihogo. Samaki mkavu. Mihogo. Kuku mzima, hai. Mihogo tena. Yule mwanamke wa juzi kaleta mayai sita, kasema mwanawe kalala vizuri baada ya kile chakula.

Nimekaa katikati ya vyakula vyote vile, nikataka kulia. Sijui kwa hasira au kwa kitu kingine. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza hapa kisiwani kufungua hoteli akalishwa na wateja. Na Mwanahija hayupo kunicheka. Anacheka vizuri, Mwanahija, hujifunika kanga mdomoni.

Jumamosi, 7 Septemba

Balaa! Bi Arafa, msuka mikeka wa Juani, alikisoma kibao changu juzi, akaenda kumsomea mama mkwe neno kwa neno. Leo kaniletea majibu. Mkwe wangu, Bi Bimkubwa, anasema hivi: mwanawe alivuka maji kuja kwangu. Kama kilichovuka maji hakitakiwi, amesikia, mwanawe atakaa kwao. Anauliza pia nazi ninazokuna ni za wapi.

Ni za Juani. Ni za mnazi wa mama mkwe! Mwanahija alizileta kabla hatujagombana. Wiki nzima napikia tui la mkwe wangu chini ya kibao kinachomtukana.

Nimekimbilia kopo la rangi. Nimeongeza: ILA KUTOKA JUANI. Saa tatu wamekuja Wachole kuuliza wao wamekosa nini. Nimeongeza: NA CHOLE. Saa nne Wajibondo. Nimeongeza: NA JIBONDO. Kibao kimejaa, herufi za mwisho zimepanda ukutani. Othmani kanishauri nifute vyote niandike TUNAPIKA. Binamu ni mtani, lakini huyu kazidi.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwenda Juani mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nimechukua bakuli la pweza wa nazi. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo. Marahaba yake ilikuwa kavu kama ubao. Akauliza nimekuja kumchukua mwanawe au nazi. Nikasema vyote viwili. Hilo halikuwa jibu.

Nikaeleza kibao, nikaeleza hitima, nikaeleza sahani. Nikaahidi cherehani mpya. Mama mkwe akatazama pembeni. Mabega yalikuwa yanamcheza, sijui kikohozi. Mwanahija alikuwa kasimama mlangoni muda wote, kakonda kidogo, au mimi ndiye nimesahau. Alipoona nimemaliza maneno akasema taratibu:

"Cherehani si neno, bwana. Neno ni kuwa hukuniuliza."

Ni kweli. Miaka kumi na mmoja namshtukiza, hata siku moja sijamwuliza. Nikasema kuanzia leo nitauliza. Akachovya kidole bakulini, akaonja, akasema chumvi imezidi.

Kaonja! Nimerudi nikiimba mashuani. Nahodha Mabruki kaniomba ninyamaze.

Alhamisi, 12 Septemba

Nauliza. Kila mashua ikiondoka nampa Nahodha Mabruki swali, ikirudi nampokea na jibu. Chumvi nitie kiasi gani? Jibu: nusu ya unachodhani. Mabenchi niyapange kuelekea wapi? Jibu: kivulini, watu si samaki wa kuanikwa. Kuku aliyerudi na sahani nimfuge au nimchinje? Jibu: usimguse. Kibao nikifute? Jibu: kifute, umenitia aibu hadi kwenye magofu ya Kua, na Kua wamebaki wafu tu.

Nimekifuta. Mabruki anasema amechoka, yeye ni nahodha, si posta. Lakini anasema pia kuwa Mwanahija siku hizi anamsubiri pwani.

Ijumaa, 13 Septemba

Unga wa Othmani umekwisha kabisa. Kafunga mlango. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku hii, maneno makali mazuri, nimeyaandika nyuma ya daftari. Baada ya sala ya Ijumaa kaja kwangu, kakaa benchi la mwisho, kichwa chini. Mkewe kafariki mwaka wa tatu sasa, na kule hotelini ndiko alikokuwa akipata watu wa kuzungumza nao. Maneno yangu sikuyaona tena. Nikasema karibu.

Kala polepole. Alipoondoka nikakuta shilingi chini ya sahani. Nikamkimbilia, nikamwambia kasahau. Akasema hakusahau, yeye anajua bei ya kuni. Mtu wa kwanza kulipa katika hoteli yangu ni adui yangu. Kesho nimemwambia aje anisaidie kukuna nazi. Kasema atakuja, maana mimi nakuna pamoja na kifuu.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimempa Mabruki swali moja tu leo. Utarudi lini?

Mashua imerudi bila jibu. Mabruki kasema Mwanahija kalisikia, kisha kaingia ndani. Sikuweza kula. Nimewapa watu.

Jumapili, 15 Septemba

Jibu limekuja lenyewe! Saa nne asubuhi Mwanahija kashuka mashuani, furushi kichwani, na nyuma yake mbuzi jike mwenye mimba, mama yake kampa. Nilimpokea furushi. Nilitaka kusema mengi, nikasema mbuzi mzuri. Akasema, umeniuliza lini, nami nakujibu leo. Akapita moja kwa moja jikoni, akaonja mchuzi, akatikisa kichwa, akafunga kanga kiunoni.

Leo tumevunja jungu, karamu ya kuagana na mchana kabla ya mfungo. Wamekuja wote bila kuitwa, na kila mmoja kaleta kitu. Mzee Shaibu kaleta asali, Wajibondo wameleta nguru, Othmani kakuna nazi hadi mikono ikamvimba. Hakuna aliyelipa wala aliyedai. Nimemwangalia Mwanahija akipakua, anacheka na watu, kanga mdomoni, nikasema moyoni kama hii siyo hoteli basi sijui hoteli ni nini.

Baadaye kanikalisha uani. Kaniambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mimi sitaki mali, Muhidini. Nataka uniulize kwanza." Nimeapa. Nimeapa kwa jina la mama yangu, na machozi yalinitoka. Yeye pia.

Jumatatu, 16 Septemba

Asubuhi. Mwezi unatazamiwa leo au kesho. Moyo wangu mweupe. Mke wangu yuko uani anatwanga kisamvu, namsikia anaimba. Hakuna mtu Mafia mwenye raha kunishinda.

Na nimepata wazo. Mfungo hoteli haifi, inageuka! Watu wakitoka Magharibi msikitini wataona nuru kubwa barazani, watakuja kufuturu. Tatizo ni taa, kibatari hakitoshi. Inatakiwa karabai. Namjua mtu wa Kirongwe mwenye karabai nzuri, inang'aa kama mchana, na yeye anatafuta mbuzi jike mwenye mimba.

Nishamtumia salamu, anakuja adhuhuri. Mwanahija nitamwuliza, nimeapa, siwezi kuvunja kiapo. Ila ngoja kwanza karabai iwake, aione ilivyo nzuri.